Daftari la Mwajuma

Kabula mwanangu,

Umekwenda Isikizya kuwaaga wenzako wa hospitalini na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Kwa hiyo nina kama saa tatu. Mama yako yuko uani anafunga asali na karanga, na kila baada ya dakika chache ananiita kuuliza kama zipu ya begi jeusi bado nzima. Namjibu kutoka humu chumbani bila kujua nimejibu nini. Mambo ya safari amekuambia yeye, na yaliyobaki shangazi zako walikuambia jana mpaka ukachoka. Mimi huko sina la kuongeza.

Nina neno moja, na nimelizunguka kwa wiki mbili sasa, tangu uliponisomea ile barua uliyowapelekea watu wa chuo ulipoomba nafasi. Ulikuwa umeificha mpaka wakukubali. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, mama yako bado hajavua kilemba. Ulisoma kwa Kiingereza, kisha ukanitafsiria aya ya pili kana kwamba sikuielewa. Nilikuacha utafsiri kwa sababu nilihitaji muda wa kupanga uso wangu.

Uliandika kwamba unataka kuwa daktari bingwa wa familia, kisha ubaki chuoni ufundishe na kufanya utafiti, kwa sababu umekua ukikiona cheti kilichotundikwa sebuleni kwetu. Kwamba baba yako, afisa tabibu wa kijijini, aligundua kwa kuwauliza tu wagonjwa wake kuwa wavunaji wa tumbaku waliokuwa wakitapika hawakuwa na malaria. Kwamba hapo ndipo ulipojua swali la maana linaweza kutoka kwenye kituo kidogo cha afya, tena kwa mtu ambaye hakuna anayemjua.

Mama yako alipiga vigelegele. Wewe ulinitazama ukingoja niseme kitu. Nikasema nakwenda kuangalia kuku.

Sikugundua mimi, Kabula. Aligundua msichana mmoja anayeitwa Mwajuma Shabani, wa mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, na mimi ndiye niliyemkatisha masomo yake.

Nimeinuka nikatembea mpaka dirishani, nimerudi. Nilidhani nikishaandika sentensi hiyo nitapumua. Bado.

Wewe ulikuwa na miaka mitano. Tulikaa kijijini upande wa Goweko, katika ile nyumba ya kituo yenye bati lililokuwa linapiga kelele kwenye upepo. Nilikuwa nasimamia kituo chenye wauguzi wawili, mhudumu mmoja na hadubini iliyofanya kazi siku ilipotaka. Watu waliniita daktari. Nilikuwa nimezoea kuitwa hivyo, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mtu akiitwa hivyo hakosei. Kila mwaka chuo kilituletea mwanafunzi mmoja au wawili wakae wiki nane wajifunze kazi. Mwaka huo wakamleta Mwajuma. Alikuwa mwembamba, ushungi mweupe, mkimya. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza masufuria na makarai. Alikuwa binti wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo chochote, na siku ya kwanza aliniambia jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Ulikuwa msimu wa kuvuna tumbaku. Watu walikuja asubuhi wamelegea, wamepauka, wanatapika, kichwa kinazunguka, jasho baridi. Nilikuwa nimewaona hivyo kila mwaka na kila mwaka nilisema malaria. Nikiwapa dawa, kesho yake au keshokutwa wanapona, nami nikajisifu kwamba dawa imefanya kazi. Hata mmoja sikumwuliza jana yake alifanya nini.

Mwajuma aliuliza. Alikuwa na daftari la mistari, la shule, na ndani yake akapiga safu kwa rula: jina, kijiji, alivuna jana au hakuvuna, mvua ilinyesha au haikunyesha, nguo zilimlowa au hazikumlowa, damu imeonyesha nini. Aliwauliza wakiwa kwenye benchi wakisubiri, kwa Kinyamwezi cha kubabaisha alichojifunza kwa majirani, na kina mama walikuwa wanamcheka na kumsahihisha huku wakimjibu. Baada ya wiki nne akaniletea. Akasema karibu wote wanaotapika walivuna majani mabichi jana yake yakiwa na maji ya mvua au umande, na wengi wao damu yao haina malaria. Akasema anafikiri sumu ya tumbaku inapita kwenye ngozi ikiwa imelowa.

Alichagua mahali pabaya pa kuniambia. Tulikuwa kwenye dirisha la dawa, wauguzi wapo, na wagonjwa wamejaa barazani. Nilimwambia, "Binti, umekuja kujifunza au umekuja kunifundisha?" Wauguzi wakacheka. Nikaona wanacheka, nikaongeza. Nikasema hapa tunatibu watu, wanaotaka kuandika vitabu wana mahali pao. Alifunga daftari akasema, "Samahani, daktari." Jioni hiyo nilimsimulia mama yako nikicheka kwa raha, kwamba nimempasha mtoto mmoja wa mjini.

Unaona, hata sikukasirika. Ingekuwa hasira ningejisamehe mapema. Nilifurahia.

Siku chache baadaye akaja mwanamke anayeitwa Nyamizi. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa mara ya tatu msimu ule anakuja na kutapika kulekule, na mara mbili za kwanza nilikuwa nimemtibu malaria. Hadubini siku hiyo ilikuwa imegoma. Mwajuma aliuliza kama anaweza kuzungumza naye kwanza. Nilisema atundikiwe dripu ya kwinini, mambo ya kuzungumza baadaye. Kisha nikaenda dukani kwa jirani kucheza bao.

Wewe leo unajua nilichopaswa kujua. Kwinini inaweza kushusha sukari mwilini, na kwa mjamzito aliyetapika tangu asubuhi bila kula hatari ni kubwa zaidi. Nilifundishwa hilo darasani. Nilikuwa nimelisahau, au nimeacha kuliona kuwa linanihusu. Mwajuma alikuwa hajasahau. Alikaa naye. Nyamizi alipoanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, alimtuma mhudumu aje kuniita. Mhudumu alinikuta, nami nikasema nakuja, nikamaliza mchezo. Mwajuma hakunisubiri. Alisimamisha dripu, akavunja chupa ya glukosi, akamchoma mshipani. Nilipofika Nyamizi alikuwa amefumbua macho anaomba maji.

Siku mbili baadaye mimba ilitoka. Kama ni kwinini, au sukari, au sumu ya tumbaku, au jambo jingine kabisa, sijui mpaka leo, na sitakudanganya kwamba najua. Mume wake alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akaniuliza mkewe alikuwa na nini. Nikamwambia malaria kali. Akanishukuru kwa kumwokoa mke wake. Mwajuma alikuwa amesimama nyuma yangu anasikia, na shukrani ile niliipokea mimi.

Wiki ileile nikajaza kitabu chake cha mafunzo. Mahali pa maoni ya msimamizi niliandika kwamba alitoa dawa bila ruhusa, kwamba hana nidhamu, na kwamba arudie mafunzo ya vitendo. Nilijua ninachofanya. Kitabu kile kingesomwa na walimu wake, na nilitaka neno langu litangulie kabla hajafika na la kwake. Alikisoma mbele yangu. Aliuliza kama anaweza kuondoka na treni ya siku hiyo badala ya kusubiri gari la chuo.

Mwaka uliofuata dereva wa chuo akaniambia yule binti wa Ng'ambo hakurudi tena. Baba yake alisema kama kuna aibu ni bora akae nyumbani.

Mama yako ameingia sasa hivi kutafuta kamba. Ameuliza naandika nini, nikasema barua. Ameangalia karatasi zilivyo nyingi, akatoka na kamba yake. Nilimwambia juzi yote haya. Hajazungumza nami sana tangu hapo, ila anazungumza sana kuhusu begi.

Sasa habari ya cheti. Miaka minane ilipita. Tukaitwa kwenye semina Isikizya, maafisa tabibu wa wilaya nzima, akaja daktari kijana kutoka chuo kikuu fulani kuzungumzia afya za wakulima. Akaeleza ugonjwa wa wavunaji wa majani mabichi ya tumbaku: jani likilowa, sumu yake inapenya ngozini, mtu anatapika, anapauka, anazunguka kichwa, na baada ya siku moja au mbili anapona mwenyewe. Nchi nyingine walishauandika. Akauliza kama kuna yeyote kati yetu amewahi kuuona. Kila alichosema nilikuwa nimekiona kwenye safu zilizopigwa kwa rula.

Nikanyoosha mkono. Nakuapia, nilipoinuka nilikuwa na nia ya kulitaja jina lake. Nikasema, "Sisi kule kwetu tuliuona miaka mingi iliyopita." Watu wakageuka kunitazama. Yule daktari akauliza tuliuonaje, nikaeleza: tuliuliza walivuna lini, mvua ilinyesha, nguo zililowa. Nilisema "tu". Nilisema "tuliuliza", "tuliona". Ndani ya neno hilo Mwajuma alikuwamo bado. Kufikia chakula cha mchana watu walikuwa wanasema "Daktari aligundua", na mimi nilikuwa nakula pilau.

Baada ya hapo nilifanya kazi kweli, hilo usiniondolee. Nilizunguka vijijini nikiwaambia wasivune majani yakiwa yamelowa, wavae mikono mirefu, wabadili nguo zikilowa, wajawazito wasiguse majani mabichi. Wagonjwa wakapungua. Wilaya wakanipa cheti. Mama yako akakitafutia fremu yenye kioo. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na uliwaleta rafiki zako wakisome. Nilikuwa nimekaa palepale kwenye kochi nikisikia unavyowaeleza.

Babu yako alikuwa akisema watu wa huku tangu enzi za misafara tumebeba mizigo ya wenzetu mpaka pwani na jina la mwenye mzigo halijawahi kuwa letu. Alisema kwa uchungu, na nikiwa mtoto niliuona uchungu ule ni wa haki. Ulipofika wakati wangu wa kumbebesha mtu mzigo, sikuutambua mchezo.

Nadhani sasa unaelewa kwa nini nilikugombeza uliposema unataka tiba ya familia. Nilitaka uwe bingwa wa upasuaji. Nilikuambia, "Usome miaka yote hiyo uje kuwa kama mimi?" Ulilia, ukadhani naidharau kazi yenyewe. Kazi siidharau. Kumjua mtu na nyumba yake na shamba lake na aliyelala naye jana na alichovuna jana, hakuna kazi kubwa kuliko hiyo, na mimi nilimwona mtu mmoja akiifanya kikamilifu akiwa na miaka ishirini na miwili. Nilichoogopa ni wewe kuikaribia. Niliogopa ukikaa kwenye kituo kama kile, na daftari, siku moja utajiuliza baba alipata wapi subira ya kupiga safu kwa rula. Wewe unajua sina subira hiyo.

Wiki iliyopita nilikwenda Ng'ambo.

Haikuwa shida kumpata. Niliuliza kwa wauza vitenge, wakanionyesha baraza yenye vyerehani vitatu. Mwajuma ni fundi cherehani, ana wasichana wawili anaowafundisha. Amenenepa, amevaa miwani. Alinitambua kabla sijafika barazani. Akasema, "Shikamoo." Marahaba ni neno dogo tu, lakini siku ile lilinikwama, kwa sababu heshima ile ilikuwa yangu kwa umri na kwa umri peke yake.

Alinipa kigoda. Aliwatuma wale wasichana wakanunue uzi, nikaelewa anajua nilichojia. Nikamweleza yote, na la semina, na la cheti, na barua yako. Aliendelea kushona nikizungumza, mguu haukusimama, alikuwa anamalizia pindo la gauni la shule. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Yule mama alipata watoto wengine?"

Nikamwambia alipata wawili, wa kiume na wa kike, na walihama kwenda upande wa Urambo. Hapo mguu ukasimama. Alivua miwani akaifuta kwa kitambaa cha gauni. Akasema alikuwa akijiuliza kila msimu wa mvua kama glukosi ile aliipiga kwa kasi mno, kama yeye ndiye aliyeharibu ile mimba. Miaka yote hiyo, Kabula. Mimi nikiogopa kwa ajili ya jina langu, yeye alikuwa anaogopa kwa ajili ya mgonjwa.

Nilimwambia hakukosea. Nilimwambia alimwokoa. Nikamwuliza daftari liko wapi, akasema mama yake alichana kurasa zake akafungia karanga za kuuza. Alisema bila kinyongo, au kinyongo kilishamaliza kazi yake. Kisha nikamwomba msamaha.

Akauliza, "Binti yako anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie yeye. Mimi nilikuwa najua siku zote."

Akavaa miwani akaendelea kushona. Nilipoinuka aliniambia jambo jingine. Kama utakuja kufundisha, na kama utawahi kulitaja suala hili kwa wanafunzi wako, ulitaje jina lake lote, Mwajuma Shabani, na usiseme alikuwa mwanafunzi wa baba yako.

Msamaha hakunipa, wala hakunikatalia. Nimerudi na ombi langu hivyohivyo.

Mwaka jana ulikuwa hapa umekaa kwenye mkeka, simu ikalia. Alikuwa daktari mdogo aliye mafunzoni chini yako, anauliza kuhusu mtoto mwenye degedege. Ulimjibu vizuri, kila neno sahihi, kisha ukamwuliza, "Hivi nyinyi chuoni mnafundishwa nini?" Ukakata simu ukatikisa kichwa, mama yako akacheka. Mimi pia nilicheka. Usiku wake sikupata usingizi vizuri na sikujua kwa nini. Sasa najua. Huyo kijana safari nyingine akiwa na shaka hatakupigia. Atamtibu mtoto na shaka yake, peke yake, na wewe utakuwa mahali pengine umetulia ukiamini kila kitu ni shwari. Hili silisemi kwa kukuhukumu. Umelipata kwangu, mezani, ukiwa mdogo, ukinisikia nikisimulia jinsi nilivyompasha mtu.

Unakwenda kuwa mwalimu wa madaktari. Watakuja kwako vijana wenye madaftari. Wengine watakuwa wamekosea, na wengi wa waliokosea watajiamini kuliko waliopatia. Sina kanuni ya kukupa ya kuwatofautisha. Kama ningekuwa nayo nisingeandika barua hii. Najua tu kwamba ilinichukua dakika moja kumfunga mdomo Mwajuma, na kituo kikaendelea kukosea kwa miaka minane mizima katika jambo ambalo jibu lake lilikuwa limeshapigwa rula. Wakati mwingine, nikihesabu wanawake wa misimu hiyo minane waliokuja kwetu na mimba, naacha kuhesabu.

Kuhusu aya yako ya pili. Wamekukubali kwa alama zako na kwa kazi yako, hilo nalijua. Lakini hadithi uliyowapa si ya kweli, na umewapa kwa moyo mweupe. Ukitaka kuwaandikia uirekebishe, mimi nitatia sahihi chini yake. Ukitaka kukaa kimya kwanza mpaka ujue la kufanya, ni haki yako. Usinitetee mbele ya mtu. Wilaya nimewaandikia jana, barua ya ukurasa mmoja, nimeipeleka kwa mkono. Kijana wa masjala ameigonga muhuri bila kuisoma.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, uikute ukishafika mbali, Dodoma huko au Morogoro, basi likiwa limesimama watu wanakula. Nimeipanga hivyo wiki nzima. Asubuhi hii nikatambua ni bao tena: nimeitwa, na nimesema nakuja.

Nasikia pikipiki. Imepita, si yako.

Nitakupa mkononi ukiingia tu, kabla hujavua viatu. Nitakaa kwenye kiti cha mbele yako mpaka umalize ukurasa wa mwisho, na chochote utakachoniuliza nitakijibu. Na ukitaka kutoka nje bila kuuliza, mlango nitauacha wazi, nitangoja.

Baba yako